Mashine Iliyozirai kwa Mama Mmoja Tu

Sogeza kiti karibu, wewe unayenisikiliza, na usiogope kama hujawahi kuona tumbo la kompyuta. Siku nilipofungua ya kwanza nilidhani nitakuta maajabu. Nilikuta vumbi, feni iliyochoka, na vipande vichache ambavyo kila kimoja kina kazi yake, kama vyombo vya jikoni. Ninachotaka kukusimulia kinahusu kipande kimoja tu kati ya hivyo. Ni kijiti chembamba, urefu wake hauzidi kiganja, na upande mmoja kina safu ya meno ya rangi ya dhahabu. Mafundi tunakiita RAM. Ni kumbukumbu ya muda ya mashine.

Nieleze kidogo kabla sijaendelea. Kompyuta ina mahali pawili pa kuweka mambo. Kuna diski, ambayo ni kabati: stima ikipotea, vilivyomo vinabaki. Halafu kuna RAM, ambayo ni meza ya kazi. Barua unayoiandika sasa hivi, picha uliyoifungua, wimbo unaousikiliza, vyote vimetandazwa juu ya meza hiyo mpaka utakapovihifadhi kabatini. Sehemu ya meza ikiharibika, kinachowekwa pale hakirudi kama kilivyokuwa. Mashine inasoma kitu ambacho haikukiandika, inachanganyikiwa, na kwa kujilinda inasimama. Kioo kinageuka buluu, maandishi meupe yanaomba radhi, kisha inajiwasha upya na kazi yako imekwenda.

Huku kwetu Eastlands, Nairobi, hatusemi imesimama. Tunasema imezirai.

Mwaka juzi nilipata kazi katika safu ya vibanda vya mabati karibu na mahakama za Makadara. Kutoka Shauri Moyo, nilikozaliwa na ambako bado nina chumba changu cha ufundi, ni mwendo wa miguu tu. Mwenye kibanda alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mjane, mtu wa magharibi mwa Kenya, ambaye alipiga chapa katika ofisi za reli tangu enzi za taipureta mpaka alipostaafu. Kila mtu pale alimwita Madam, makarani wa mawakili na wauza soda vilevile. Watu walimjia mambo yao yakiwa yamevurugika vichwani. Mmoja amegombana na mwenye nyumba, mwingine anataka hati ya kiapo kwamba amepoteza kitambulisho. Aliwasikiliza, akawauliza maswali mawili matatu, kisha vidole vyake kumi vikaanza kazi bila yeye kuvitazama. Nimeona watu wazima wamesimama mlangoni wakitazama vile vidole tu.

Tangu Pasaka mashine yake ilikuwa ikizirai, mara moja au mbili kwa siku, kwa kawaida kabla ya saa sita mchana. Fundi mwingine alikuwa ameshaifuta yote na kuiwekea programu upya mara mbili, akisema ni virusi. Haikusaidia. Lililouma zaidi ni kwamba ilizirai kwake tu. Binti yake alipoijaribu, ilitulia. Jirani yake mwenye mashine ya fotokopi alipoikalia, ilitulia. Jirani huyo alikuwa mtu wa mzaha, na siku ya kwanza nilipofika na mkoba wangu wa bisibisi alinipokea yeye.

"Niaje, fundi. Usihangaike na hiyo kitu. Iko poa. Inaogopa tu vidole vya mathe."

Madam hakugeuka. "Na yako inaogopa karatasi," alisema. "Kila nikikutazama unaivuta moja kutoka tumboni kama mkunga."

Safu nzima ilicheka, na jirani akarudi kwa fotokopi yake.

Aliyenipigia simu alikuwa binti ya Madam, mama wa makamo anayefanya kazi ya ofisi na anayeishi Donholm na mumewe. Aliniambia waziwazi kilichokuwa kikingoja neno langu. Leseni ya kibanda ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi ule. Jumamosi familia ingeketi kwake kuamua kama mama ataendelea au atafunga na kurudi nyumbani magharibi apumzike. Hakuwa mtu mbaya, nataka ujue hilo. Alikuwa amemkuta mama yake mara mbili akilia mbele ya kioo cha buluu, wateja wamesimama mlangoni. "Wewe ni fundi," aliniambia. "Ukisema mashine ni nzima, atakubali kwamba ni uzee. Nikisema mimi, ananiona namfukuza."

Madam naye alijua kwa nini nimeitwa. Nilipokuwa nikifungua skrubu ya kwanza alisema, kana kwamba anaongea na ukuta, kwamba mtu anaweza kuacha kazi kwa sababu amechoka na hakuna aibu. Lakini yeye hataiacha kwa sababu ameambiwa hajui kugusa mashine.

Sasa nikukirie kosa langu, maana ndilo lenye faida kwako kuliko sifa zangu. Siku ile ya Jumanne nilifanya kila nilichofundishwa chuoni. Nilipuliza vumbi. Nilipima joto, maana mashine iliyoziba feni huzirai pia. Nilikagua waya wa stima na kifaa kinachoigawa ndani. Nilikagua diski. Nikawasha hata jaribio fupi la kumbukumbu, lile la dakika chache, nalo likapita. Mwisho nikafungua barua moja, nikapiga chapa nusu saa nzima. Kompyuta ilitulia kama mtoto aliyeshiba.

Basi nikamwambia kwa upole, na upole ule ndio unaonitia aibu hadi leo, kwamba pengine anabonyeza vitufe viwili kwa pamoja bila kujua.

Madam aligeuza kiti. "Umepiga barua ngapi?"

"Moja, Madam."

"Mimi hupiga thelathini kabla ya saa sita. Kesho njoo saa mbili, ukae hapo kwenye ndoo, unitazame."

Jumatano nilikuja, nikaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikamtazama. Nakwambia kweli, ilikuwa raha. Mteja wa kwanza aliondoka na karatasi zake kwenda kusaini, Madam akafungua ukurasa mpya kwa mteja wa pili. Wa pili akaenda, akafungua wa tatu. Ilinichukua muda kugundua kwamba hafungi kitu. Kila hati aliyoipiga ilibaki wazi nyuma ya nyingine. Nikamuuliza kwa nini.

Alinieleza kwamba katika ofisi alimolelewa, faili halikufungwa mpaka mwenye barua atie saini. Ukilifunga mapema, mkubwa anarudi na sahihisho moja unaanza kulitafuta. Kwa hiyo mpiga chapa aliacha kila kazi mezani mpaka ikamilike. Aliifuata sheria hiyo kwa taipureta, akaifuata kwa kompyuta. Wateja wake walikuwa wakienda mahakamani asubuhi na kurudi mchana na masahihisho, naye alitaka kila mtu akirudi akute kazi yake ikimngoja. Hati zote alikuwa akizifunga pamoja jioni, kabla ya kufunga mlango.

Mimi niliyekuwa nimeijaribu mashine kwa barua moja nilianza kusikia joto masikioni.

Ilipofika saa tano zilikuwa wazi hati thelathini na moja. Nilizihesabu kwenye mstari ulio chini kabisa ya kioo. Madam alisogea nyuma, akachukua chupa ya chai, akaanza kutumiminia. Hapo ndipo kioo kilipogeuka buluu.

Hakushtuka. Alimalizia kumimina kikombe changu, akaishikilia chupa palepale hewani.

"Mikono yangu iko wapi?"

"Imeshika chupa, Madam."

"Basi kumbuka hivyo."

Kisha alifungua droo akanipa daftari la shule. Tangu Pasaka, kila mashine ilipozirai, alikuwa akinakili maandishi yote meupe ya kioo, herufi kwa herufi, kwa mwandiko wa karani. Yule fundi wa kwanza hakuwahi kuuliza kioo kilisema nini. Nilisoma kurasa kadhaa nikiwa nimesimama. Malalamiko yalikuwa yakibadilika. Leo mashine inalaumu programu hii, kesho ile, keshokutwa inasema imepotea njia katika faili ambalo halina uhusiano na mawili ya kwanza. Mgonjwa akilalamika kichwa leo, goti kesho na tumbo Ijumaa, daktari mzuri anaacha kutibu goti na kupima damu. Kwa kompyuta, malalamiko yanayobadilika hivyo mara nyingi yanaelekeza kwenye RAM, kwa sababu kila kitu hupitia hapo. Lile daftari lilikuwa kazi safi kuliko ripoti nyingi nilizowahi kuletewa na watu wenye vyeti, na nilimwambia hivyo. Alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu tuonane.

Nilizima, nikachomoa waya, nikafungua tena ubavu wa mashine. Safari hii nilitazama bila kukimbia. Vijiti vya RAM vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa cha kijani, kimeshika vumbi la miaka kwenye ukingo wa juu hata baada ya kupuliza. Cha pili kilikuwa cheusi, kisafi, kimeingia juzijuzi.

"Nani alifungua mashine hii kabla ya yule fundi wa virusi?"

"Hakuna mtu," alisema Madam, na akakoroga chai ambayo tayari ilikuwa imekorogwa.

Jirani wa fotokopi, ambaye masikio yake hayakuwa na mlango, akasema kutoka upande wa pili wa bati, "Si ni yule mkwe? Ijumaa Kuu, Madam ukiwa kanisani."

Jicho alilotupiwa lingeweza kukausha nguo. Hakusema tena mpaka jioni.

Hapo nikaelewa kimya chake. Kama wewe ni wa huku, pengine umeshaelewa pia. Kwao, mama mkwe na mkwe wanaheshimiana kwa mbali. Hawapeani mikono, hawaketi kochi moja, hawali meza moja. Kwetu Ukambani tuna heshima ya namna hiyohiyo, hivyo sikuhitaji kufafanuliwa. Kibanda kile upana wake ulikuwa hatua tatu. Mkwe, aliyetaka kumfanyia mama wa mkewe jambo jema, alinunua kumbukumbu ya kuongeza kasi ya mashine, akasubiri siku ambayo mama hayupo, akaja akaiweka, akaondoka. Madam alirudi akakuta mashine inakimbia. Alituma shukrani kupitia binti. Siku mbili tatu baadaye ikaanza kuzirai, na tangu hapo hakumwambia mtu kwamba iliguswa. Fundi wa kwanza aliuliza, akaambiwa hakuna aliyeifungua. Nami niliambiwa hivyohivyo. Ndiyo maana watu wote walitafuta ugonjwa kila mahali isipokuwa ulikoingilia.

Sikumsukuma aongee. Niliendelea na kazi, na kazi yenyewe ni rahisi ukiwa na subira. Nilitoa kijiti cheusi, nikaacha cha kijani peke yake. Nikawasha, nikafungua hati thelathini na moja, na juu yake nyingine tisa. Mashine ilikwenda polepole kama mzee anayepanda ngazi, lakini haikuzirai mchana wote, Madam akifanya kazi juu yake. Alhamisi asubuhi nikafanya kinyume: nikatoa cha kijani, nikaweka cheusi mahali palepale. Safari hii nilifungua hati mimi mwenyewe na kumwomba Madam asikaribie meza. Haikufika saa moja, buluu. Ili nisije nikakisingizia kijiti kosa la nafasi, nikakihamishia nafasi ya pili. Buluu tena. Sasa nilijua kwamba nafasi zote mbili hazina hatia, na vidole vya Madam havina hatia.

Alasiri nilirudisha cha kijani, nikakichukua cheusi hadi Shauri Moyo, nikakiweka kwenye mashine yangu ya majaribio peke yake, nikawasha lile jaribio refu linaloandika na kusoma kila sehemu ya kumbukumbu, tena na tena. Lile fupi la Jumanne lilikuwa limegusa tu juujuu. Nililiacha lifanye kazi, na asubuhi ya Ijumaa kioo kilikuwa na mistari myekundu, yote ikielekeza sehemu ileile ndogo, mbali mwishoni mwa kijiti. Nilikaa kitandani nikaitazama ile mistari. Sitakuficha, nilijiona mrefu. Watu wengi hutengeneza kompyuta kwa kubadilisha kifaa kimoja kimoja mpaka ipone. Mimi nilikuwa nimeshika sababu yenyewe mkononi, na nilijua kwa nini ni sababu.

Nilikwenda moja kwa moja Makadara. Madam alinisikiliza hadi mwisho, akaitazama mikono yake, akaigeuza, akaiweka mapajani. "Kumbe," alisema. Nilipofikiri atashukuru, akasema kitu kingine.

"Kesho hutasema hivyo kule."

Nilidhani sikumwelewa. Akaendelea, kwa sauti ya chini ili bati lisisikie. Mkwe alileta zawadi kwa moyo wake. Mama mkwe hawezi kuketi mbele ya watu na kutoa ushahidi kwamba alicholetewa ni kibovu. Mkwe akikuletea kitu unashukuru, hukipimi.

"Lakini Madam, watasema ni wewe. Watafunga kibanda."

"Na wafunge."

"Ulisema hutaacha kwa sababu ya kuambiwa hujui kugusa mashine."

"Nilisema. Wewe sasa unajua kwamba najua. Inatosha."

Haikunitosha mimi. Nilitembea hatua chache hadi barabarani, nikarudi. Nikamwambia nitaibeba mashine Jumamosi, na vijiti vyote viwili ndani yake kama vilivyokuwa. Sitataja zawadi wala aliyeileta. Nitawaomba tu wenye nyumba waifanyie kazi kwa jinsi anavyoifanyia yeye. Watakachokiona watakisema wenyewe.

Mteja aliingia, akapigiwa barua, akatoka, ndipo akanijibu. "Neno hata moja?"

"Hata nusu."

Jumamosi niliweka mashine juu ya meza ya kahawa, sebuleni Donholm. Madam aliketi kochi la dirishani, mkoba mapajani. Mkwe wake, mtu mrefu mwenye sauti ya taratibu, alisalimia akiwa amesimama mlangoni, kisha akaketi kiti cha mezani kule karibu na jikoni, ameelekeza mabega upande. Maombi yalifanywa, chai ikaja, ya mkwe ikapelekwa kulekule. Kisha binti akanigeukia akaniuliza kama fundi amepata jibu.

Nilimwomba aje akae yeye mbele ya mashine. Nikamwambia mama yake hana siku ya barua moja, ana siku ya barua thelathini, na hafungi hata moja mpaka itiwe saini. Afungue hivyohivyo. Alifungua. Kumi, mashine tulivu. Kumi na tano, akanitazama kama mtu anayepoteza Jumamosi yake. Ishirini na mbili. Ishirini na sita, na kioo kikageuka buluu mbele ya macho yake, vidole vyake mwenyewe vikiwa juu ya vitufe.

Aliondoa mikono haraka kama aliyeshika sufuria la moto. "Sijafanya kitu," alisema.

Kutoka dirishani mama yake akajibu, taratibu kabisa, "Najua, mwanangu. Hata mimi nilikuwa nasema hivyo."

Binti akajifunika uso kwa kitenge, akacheka mpaka akalia kidogo, na alipofunua uso alikuwa akimtazama mama yake kwa namna nyingine.

Nikawaeleza. Fikirieni viti vya kanisani, nilisema, na kimoja cha nyuma kabisa mguu wake umevunjika. Jumapili ya watu wachache hakuna anayekikalia, na mchungaji ataapa viti vyake ni vizima. Siku ya harusi kila kiti kinakaliwa, na lazima mtu aanguke. Barua moja ni Jumapili ya kawaida. Meza ya mama yenu ni harusi kila siku.

Mkwe alikuwa amesimama. Aliuliza ni kiti kipi hicho. Nikakumbuka ahadi yangu, nikamnyooshea bisibisi. Nikazima, nikachomoa waya, akafungua ubavu, nikamwonyesha vile vishikizo viwili pembeni mwa kijiti na kumwambia atoe kimoja, chochote atakachochagua, kisha tufungue tena hati zote. Alipiga magoti. Alivitazama vijiti vyote viwili, cha kijani na cheusi, na nikaona kwamba hakuhitaji kuchagua. Alitoa cheusi. Mkewe akafungua hati thelathini na moja, akaongeza nyingine kwa ukaidi, tukanywa chai ya pili, tukala mandazi, na mashine ikawa inajikokota lakini haizirai.

Alibaki ameshika mkononi kile kijiti chenye meno ya dhahabu. Niliogopa nimemwaibisha. Kisha akasema kwa sauti iliyosikika mpaka dirishani, ingawa alimwelekea mkewe, "Mwambie mama hii ni ile niliyoleta mimi. Nilidhani namsaidia. Mwambie pole."

Binti akageuka, kana kwamba mama yake yuko chumba kingine. "Mama, anasema pole."

"Mwambie hakuna mtu anayeweza kuona ubovu wa kitu kama hicho kwa macho," alisema Madam. "Mwambie nilishukuru wakati ule na nashukuru sasa. Na mwambie nyingine akiinunua, ampe huyu fundi aipime kwanza."

"Amesikia, mama."

"Mwambie hata hivyo."

Akaambiwa. Aliinamisha kichwa, na nadhani hata yeye alikuwa anajizuia kucheka.

Baada ya hapo hakuna aliyefungua mjadala wa kurudi magharibi. Binti alisema tu, akikusanya vikombe, kwamba Jumatatu ataomba ruhusa kazini ampeleke mama yake kuandika maombi ya leseni mpya.

"Ya nini?" alisema Madam, akafungua mkoba. "Nilishayapiga jana. Yanataka stempu tu."

Nilikuwa nikifunga skrubu za ubavu wa mashine, nikainamisha uso ili wasinione. Kazi hii haina makofi. Mtu hukuletea mashine, unamrudishia, anaondoka akiwa ameshasahau kwamba iliwahi kuumwa. Siku ile nilisaidiana na mkwe kubeba ile mashine mpaka kwenye gari, yeye upande huu na mimi upande ule, na Madam akatutangulia kutufungulia lango akiwa amenyoosha mgongo kama anakwenda kuapishwa. Nilijua nimefanya kazi njema, na nilijua nani alinifundisha kuifanya. Ni yeye, na daftari lake, na ile ndoo.

Kwa hiyo, kompyuta yako ikianza kuzirai na malalamiko yake yakawa yanabadilika kila mara, usikimbilie kufuta kila kitu, na usimlaumu anayeitumia. Hifadhi kwanza kazi zako kwenye flashi. Uliza ni lini mara ya mwisho ilipofunguliwa, na uliza kwa upole, maana huenda kuna mtu anayelindwa. Kisha zima mashine, chomoa waya ukutani, gusa chuma cha kasha ili umeme wa mwilini utoke, na utoe kijiti kimoja cha RAM. Fanya kazi siku nzima kwa kijiti kilichobaki, kwa namna ileile anavyofanya mwenyewe, madirisha yote yakiwa wazi. Kesho yake kirudishe ulichokitoa, toa kile cha pili, na ufanye kazi siku nzima tena.

Siku mashine itakapozirai, andika kwenye karatasi ni kijiti kipi kilichokuwa ndani.